Maji Yanauma, Baba Gaudiosa

Sogeeni, nafasi ipo. Aliye na mtoto ampakate, aliye na jembe aliegemeze ukutani, maana habari hii haimtaki mtu aliyeweka mguu mmoja nje. Ni habari ya mtu wetu wenyewe, Wenceslaus Kasanda, fundi umeme wa shamba la mkonge ng'ambo ya reli, upande huu wa Kilosa. Hakuvishwa nishani, wala hakuna barabara iliyopewa jina lake. Lakini kijijini kwetu mpaka leo fundi akiingia bafuni kwa mtu, kabla hajafungua mfuko wake, huuliza kwanza: "Maji yanauma?" Swali hilo ndilo nishani yake, nami nitawaeleza lilivyozaliwa.

Baba yake alikuja na treni kutoka Unyamwezi, akakata mkonge hapa mpaka mgongo ukapinda, na hapa hapa akazikwa. Wenceslaus alizaliwa kambini. Alikua akimbebea vifaa Singasinga mmoja aliyekuwa fundi wa shamba, na mzee yule alipoondoka, Wenceslaus akarithi mikoba kweli kweli: spana, bisibisi, koleo, na taa ya kupimia umeme, ambayo ni balbu moja tu yenye nyaya mbili ndefu kama sharubu za kambale. Jenereta lililoendesha korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge, lilikuwa kama ng'ombe wake. Likikohoa, yeye akiwa kilabuni, aliweka kata chini akaondoka bila kuaga.

Alikuwa na desturi mbili za kazi. Ya kwanza, hakugusa kitu cha umeme kabla ya kuzima swichi kubwa, kung'oa fyuzi, kuitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. "Fyuzi ikilala kifuani mwangu," alisema, "hakuna mpumbavu atakayewasha mimi nikiwa ndani." Ya pili, alivaa makatambuga ya tairi la lori, mazito, aliyoyakata kwa mkono wake, na hakuyavua ila kitandani. Yashikeni hayo makatambuga. Tutayahitaji.

Na alijua kujigamba! Wengine hujigamba kwa sababu ya pombe, yeye alijigamba mchana kweupe akiwa na uji tumboni. Hatukumchukia kwa hilo. Mtu anayejisifu halafu taa zikawaka, utamchukiaje?

Sasa, Azimio lilipotangazwa na shamba letu likawa mali ya umma, ile nyumba kubwa ya bwana shamba ikabaki tupu. Wanaume walitaka iwe ofisi. Wanawake wakasema la, iwe nyumba ya wazazi, mtu asijifungulie tena njiani akipelekwa mjini. Wanawake wakashinda. Mle ndani kulikuwa na bafu, na ukutani mwa bafu kulikuwa na hita, tangi la shaba lililopasha maji kwa umeme. Unafungua bomba, maji ya moto yanatoka, hakuna kuni, hakuna moshi. Tulipanga foleni kwenda kulitazama.

Siku ya kukabidhiwa nyumba tulifanya jambo moja ambalo nadhani ni sisi tu tungelifanya. Bwana shamba yule alikuwa mtu wa vigingi. Kila mahali alipigilia kigingi cha chuma: hapa mwisho wa kuchunga, hapa mwisho wa kuchota maji, hapa usikanyage. Tukasema, ardhi sasa ni yetu sote, vigingi vya nini? Ngoma ikapigwa, watu wakaizunguka nyumba wakiving'oa. Nyuma ya bafu, katikati ya magugu, kilikuwapo kimoja kirefu kigumu kuliko vyote. Vijana wakakivuta wakashindwa. Wenceslaus akaja akicheza, mkono wa kushoto kashika kata ya togwa, kwa mkono wa kulia akakisokota, akakitikisa, kikatoka na udongo wake.

"Mimi Wenceslaus, mwana wa Kasanda!" akapaza sauti. "Baba alikuja na reli, mimi nimebaki na nyaya! Nimeng'oa kigingi cha bwana shamba kwa mkono mmoja, na togwa haikumwagika!"

Vigelegele vilifika Kimamba. Kigingi kile kikapewa heshima yake: kikawa cha kugongea kengele ya kijiji, kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi. Kila asubuhi, ngee, ngee, ngee, watu twendeni shamba la pamoja. Na kila asubuhi Wenceslaus alinyoosha shingo na kusema, "Mnasikia? Hicho changu."

Miaka ikapita, tukasherehekea Uhuru kutimiza miaka kumi, na mwaka uliofuata ndipo mambo ya bafuni yalipoanza. Nyumba ya wazazi ilikuwa chini ya Nesi Yudith, Mkaguru wa upande wa Berega, binti aliyelelewa na kusomeshwa misheni, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Na ninyi mnajua, Mkaguru na Mnyamwezi ni watani. Alimwamkia Wenceslaus kwa adabu zote, kisha akamtukana kwa adabu zote.

"Shikamoo, mpagazi."

"Marahaba, mla ukungu. Umeshuka lini kutoka milimani?"

"Siku babu yako alipotua mzigo wa watu. Sikiliza, hita lako linauma."

"Linaumwa nini?"

"Haliumwi, linauma! Lina meno. Wazazi wanasema maji yanauma, hawataki kuoga."

Wenceslaus akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtani, maji hayaumi. Ni ngozi zenu za milimani zimezoea umande!" Akaenda zake akicheka.

Utani ni mali, ndugu zangu. Lakini una kasoro hii: mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamwambia naye akaote moto huko.

Baadaye alikwenda kutazama, maana kazi hakuidharau. Akamkuta Bibi Mwamvua anapasha maji kwenye sufuria nje, kwa kuni, machozi yanamtoka kwa moshi. Bibi huyu alikuwa mkunga wa jadi aliyepokea nusu ya kijiji kabla nesi hajaja, na sasa walifanya kazi pamoja.

"Shikamoo, Bibi. Unapika maji nje, na ndani lipo hita?"

"Marahaba. Yale yanauma."

Wenceslaus akaingia bafuni na makatambuga yake, akafungua bomba, akanawa mpaka kwenye viwiko. "Meno yako wapi, Bibi? Haya si maji? Maji ya moto huchoma kidogo, ndiyo kawaida yake."

"Mwanangu," Bibi Mwamvua akasema, "mimi nimeungua na sufuria tangu sijaolewa. Nisijue tofauti ya kuchoma na kuuma? Yale yanapanda kama siafu, mpaka hapa." Akajishika kiwiko.

Wenceslaus akaitikia kama mtu anavyowaitikia wazee. Akazima swichi, fyuzi kifuani, akamwaga maji, akafungua kifuniko na kuvuta koili, ule mnyoo wa chuma unaopata moto ndani ya maji. Ilikuwa imevaa magamba meupe ya chumvi ya kisima chetu. Akayabandua taratibu, akarudisha, akawasha. Maji yakawa moto kuliko mwanzo. "Limepona," akatangaza. "Lilikuwa limeota ukoko tu."

Wazazi wakaendelea kukataa.

Ndipo Mwenyekiti wetu wa kijiji, Gabrieli, akaja na habari mbaya. Bwana mmoja wa wilayani alipita, akaona wazazi wanaogea sufuria na hita limekaa kama pambo. Akasema kule Mikumi, nyumba ya wageni wa mbuga hita lao limepasuka tumbo, na wageni wanalalamika. Mwezi ukiisha, gari litakuja kulichukua hili letu.

"Ndugu Mwenyekiti, lile halitoki!" Wenceslaus akaruka. "Gaudiosa wangu ana mimba yake ya kwanza. Nimekwisha kusema mbele za watu, mjukuu wa Kasanda ataogeshwa maji ya moto ya bomba. Babu yake alioga mtaroni!"

"Basi waambie wazazi walitumie," Gabrieli akasema. "Mimi nitamwambia nini bwana yule? Kwamba tunalipenda?"

Wenceslaus akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Gaudiosa alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na tumbo lake lilikuwa limeshuka tayari.

"Mwanangu, wewe uwaonyeshe wenzako. Kaoge maji yale wakuone."

Gaudiosa akainama. "Baba, nilikwenda juzi. Sikutaka kukuaibisha. Maji yanauma, baba Gaudiosa." Alimwita vile watu wote walivyomwita, kama anayemwamsha mtu usingizini.

Wenceslaus hakucheka. Mtani hutania, mzee huweza kuzeeka, lakini Gaudiosa hakuwahi kumwambia neno la uongo tangu azaliwe. Akachukua mfuko wake.

Bafuni walikuwapo Bibi Mwamvua na Nesi Yudith. Wenceslaus akanyoosha mkono kwenye bomba.

"Ngoja," Bibi Mwamvua akasema. "Mimi na Nesi hapa tumeingia peku. Sisi wote tunaoga peku. Wewe mwenyewe huingia na tairi la lori. Vua kwanza, halafu unawe."

Wenceslaus akainama kufungua ukanda wa katambuga. Mkono ukafika kwenye ukanda, ukasimama. Mpira. Alikuwa amesimama juu ya mpira siku zote. Akainuka polepole, na wote wakaona uso umembadilika.

"Hakuna mtu kugusa bomba," akasema. "Nesi, Bibi, tokeni nje."

Akaitoa ile taa ya kupimia. Sharubu moja akaigusisha kwenye bomba, ya pili akaichomeka kwenye udongo uliolowa, pale maji ya bafu yanapotokea nje. Balbu ikawaka. Haikuwaka kwa nguvu, ilikuwa nyekundu tu kama kaa la mwisho jikoni. Lakini iliwaka, wenzangu, bila swichi yoyote, kwa maji ya kuogea.

"Hayo ndiyo meno," akasema Wenceslaus, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi, unisamehe. Ni umeme. Koili ina ufa, umeme unavujia majini."

"Nilikwambia siafu," akasema Bibi Mwamvua.

Akazima swichi kubwa, fyuzi kifuani. Lakini jambo moja halikumkalia sawa. Hita lile lilifungwa na fundi wake wa zamani, yule Singasinga, naye hakuwa mtu wa kazi mbovu. Kila tangi lina waya wa ardhi, unaotoka kwenye chuma chake na kushuka udongoni, ili umeme ukivuja uende chini na kukata fyuzi kabla haujamfikia mtu. Waya huo ulikuwapo? Akaufuata kwa kidole. Ulikuwapo. Ukatoka nje ya ukuta, ukashuka kwenye magugu, akayafyeka, na pale ncha ya waya ikaning'inia juu ya shimo dogo lililokaribia kujaa mchanga. Waya ulifika nje, lakini haukuwa na ardhi.

Akasimama akilitazama lile shimo. Na wakati huo huo, kule ofisini, Mwenyekiti akagonga kengele ya mkutano: ngee, ngee, ngee.

Wenceslaus akakaa chini kwenye magugu, kama mtu aliyepigwa.

"Mtani, umeumwa na wewe?" Yudith akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

Hapa, wasikilizaji wangu, ndipo mimi humpenda mtu huyu. Angeweza kunyamaza. Nani kati yetu angejua? Shimo ni shimo, panya huchimba. Lakini aliinuka, akafuata mlio ule mpaka kwenye mkutano, akamnyang'anya Mwenyekiti kigingi mkononi, akakisugua kwa mchanga mbele ya watu. Kutu ya kijani ikatoka, shaba ikang'aa.

"Hiki hakikuwa cha mpaka," akasema. "Kilikuwa cha waya wa ardhi wa hita. Mimi, fundi wa umeme, nimeking'oa kwa mkono mmoja, nanyi mkayapigia vigelegele meno yaliyokuwa yakiwauma wake zenu."

Kisha Yudith, kutoka nyuma, akashindwa kujizuia:

"Na togwa haikumwagika!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Wanawake walishikana, Gabrieli alifuta machozi kwa kofia yake. Wenceslaus naye mwisho akacheka. "Tulisema ardhi ni ya wote," akasema, "mimi nikamnyang'anya umeme ya kwake. Umekuwa mkimbizi, unaingia kwenye mwili wa kila mtu kutafuta pa kukaa."

Kukirudisha kigingi ilikuwa rahisi. Koili je? Mjini Kilosa haikupatikana. Lakini Wenceslaus alikumbuka neno la Mwenyekiti: kule Mikumi hita limepasuka tumbo. Tumbo, siyo koili. Asubuhi akapanda treni ya Kidatu, koili yake mbovu kaifunga kwenye gunia, na fyuzi ya bafu bado iko kifuani.

Fundi wa nyumba ile ya wageni alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Lupakisyo, aliyevaa ovaroli safi mpaka mtu akaona haya kumpa mkono. Alimwamkia vizuri, akampa chai. Wenceslaus akaanza kujieleza: jenereta, korona, Singasinga, baba aliyekuja na reli. Chai ikapoa.

"Mzee wangu," Lupakisyo akasema mwisho, "nimekusikia. Lakini mimi nimeahidiwa hita lenu. Nyinyi mna tumbo, mimi nina moyo, hiyo koili. Moyo nikikupa, wageni wangu wataoga nini? Wanatoka mbali hawa, wanaamka na giza kutazama tembo."

"Mgeni akikosa maji moto leo, ataoga kesho, na tembo hatamcheka. Mtoto akizaliwa hasubiri."

"Hilo ni kweli. Lakini nitajuaje kwamba mkipata koili mpya mtalitumia? Nimesikia wazazi wenu wanaliogopa."

Kulijibu swali lile kulihitaji habari ya kigingi, na habari hiyo ilihitaji Wenceslaus ajishushe mbele ya kijana wa watu, fundi kwa fundi. Akaeleza yote: siafu, makatambuga, balbu nyekundu, ngoma, na kengele iliyomwita kila asubuhi naye akainyooshea shingo.

Lupakisyo alianza kutabasamu kwenye makatambuga. Kwenye kengele alikuwa ameegemea meza, mabega yanatikisika. "Mzee! Mmekigongea kengele miaka yote hiyo!"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Ungeanza na hiyo, tungekwisha kumaliza." Akajifuta macho. "Mimi mwaka jana nilifunga pampu kinyume, ikanyonya hewa siku nzima, nikamlaumu nyani. Sijamwambia mtu." Akainuka kwenda kuzungumza na meneja wake, na alirudi ameshika koili, kaikausha vizuri, pamoja na mpira mpya wa kuzuia maji. "Tumbo limepasuka, haliwezi kuzibwa. Sisi tutaendelea na pipa na kuni mpaka tuletewe jingine. Moyo huu uende ukapige mahali panapohusika. Ila mtoto akizaliwa niletewe habari."

Siku ya kurudisha kigingi watu walijaa nyuma ya bafu kuliko siku ya kukitoa. Wenceslaus akachimba, akaweka mkaa na chumvi shimoni ili udongo usikauke, akakipigilia, akakifunga waya wake. Ndani akabadilisha koili, akajaza tangi mpaka maji yakatoka bombani, ndipo akatoa fyuzi kifuani na kuwasha. Tukangoja maji yapate moto. Akagusisha sharubu za taa, moja bombani, moja udongoni. Tukakaza macho. Balbu ikabaki giza tii.

"Sasa nivue," akasema, akainama kwenye makatambuga.

"Wewe kaa pembeni," akasema Bibi Mwamvua. "Ni mimi niliyeumwa." Akaingia peku, akasimama kwenye saruji iliyolowa, akaweka mkono chini ya bomba. Akaugeuza. Akaweka na wa pili.

"Yanachoma kidogo," akasema. "Hayaumi."

Gaudiosa alijifungua msimu wa mahindi mabichi, mtoto wa kike, sauti yake kama filimbi ya treni. Bwana wa wilayani alipokuja na gari kulichukua hita, alikuta wazazi watatu wamepanga zamu mlangoni na Nesi Yudith anamkaripia ahamishe gari lake, limeziba njia ya wenye mimba. Akaligeuza gari likiwa tupu. Kengele yetu tangu hapo ikagongwa kwa nyundo ya kawaida, na mlio wake haukuwa mzuri kama ule, sisi hatukujali.

Jioni ya kumtoa mtoto nje ngoma ililia, na watu wakamtaka Wenceslaus asimame. Tulidhani amepunguza majigambo. Akaingia katikati na mjukuu mkono mmoja, kata ya togwa mkono wa pili.

"Mimi Wenceslaus, mwana wa Kasanda! Baba alikuja na reli, mimi nimebaki na nyaya! Niling'oa kwa mkono mmoja, nikarudisha kwa mikono ya watu wote! Nina mtani mwenye ulimi, nina rafiki Mikumi, na mwalimu wangu ni Mwamvua, aliyenifundisha kwamba maji huuma!"

"Na togwa?" Yudith akapiga kelele.

Akaitazama kata, akamtazama mjukuu aliyekuwa akipiga mateke, akaimwaga togwa yote chini, pole pole, kwenye udongo.

"Hiyo ya ardhi," akasema. "Nilikuwa na deni lake."